TB fiche kwa mwenye baridi yabisi au lupasi: kipimo kipi, tiba kinga ipi, dawa ipi ya viungo

Mgonjwa wa baridi yabisi, lupasi au ugonjwa wa kukakamaa uti wa mgongo akikaribia kuanzishiwa dawa ya kibayolojia (sindano ya protini inayozuia sehemu maalumu ya kinga), suala la TB fiche, yaani bakteria waliolala mwilini bila kuleta ugonjwa, humjia likiwa na maswali matatu. Apimwe kwa ngozi au kwa damu? Kipimo kikionyesha maambukizi, anywe tiba kinga gani, yaani dawa za kuzuia TB isiamke? Na baada ya hapo, ni dawa gani ya viungo iliyo salama zaidi kwake? Mara nyingi kila swali hujibiwa na mtu wake, kwa wakati wake. Anayepima hajui mgonjwa yuko kwenye prednisoloni (steroidi ya kutuliza uvimbe) miligramu ngapi, na anayeandika rifampisini, dawa ya TB, hajui kwamba mgonjwa huyohuyo ameshaandaliwa tofasitinibu, kidonge cha viungo ambacho rifampisini hukidhoofisha. Ndiyo maana tunapendekeza kuanzia mwisho: ijulikane kwanza dawa za viungo anazotumia na anazokusudiwa, ndipo kipimo na tiba kinga vichaguliwe kwa kuzifuata.

Hatari yenyewe inatoka wapi

Bakteria wa TB anaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuleta ugonjwa kwa sababu chembe za kinga zimemzunguka na kumfungia ndani ya kifundo kidogo kiitwacho granuloma. Kinachozishikamanisha chembe hizo ni TNF, protini ileile inayochochea uvimbe wa viungo. Ukiizuia ili viungo vitulie, na ukuta ule unalegea. Mwaka 2001 zilikusanywa ripoti 70 za TB kwa watu waliotumia infliksimabu, mojawapo ya vizuia TNF: nusu yao waliugua ndani ya wiki 12 tangu kuanza dawa, zaidi ya nusu TB yao ilikuwa nje ya mapafu, na karibu robo ilikuwa imesambaa mwilini. Kwa hiyo usimsubirie mgonjwa wa aina hii akohoe. Homa isiyoelezeka, tezi zilizovimba au tumbo kujaa maji vinatosha kuanzisha uchunguzi.

Watu huogopa sindano, vidonge wakavisahau. Uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa nchini Uingereza uliochapishwa 2006 ulikuta watumiaji wa dawa za jamii ya prednisoloni wakiwa na hatari ya TB mara 2.8 walipokuwa chini ya miligramu 15 kwa siku, na mara 7.7 kuanzia miligramu 15. Anayetarajiwa kukaa miezi kwenye dozi ya namna hiyo anastahili kufikiriwa kipimo cha TB hata kama hakuna dawa ya kibayolojia inayotajwa.

Ngozi au damu

Kipimo cha ngozi, yaani Mantoux, hakidai maabara, lakini kinadai mkono uliozoea. Mililita 0.1 ya tuberkulini (vizio 2 vya RT23 au vizio 5 vya PPD-S) huingizwa ndani ya ngozi, upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko. Lazima kitokee kifundo cheupe cha milimita 6 hadi 10 papo hapo. Kisipotokea, dawa imepita chini ya ngozi, na sindano irudiwe sentimita kadhaa pembeni. Jibu husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Kinachopimwa ni uvimbe mgumu unaosikika kwa kidole, ukikatiza upana wa mkono. Wekundu hauhesabiwi hata ukiwa mkubwa kiasi gani. Kwa mgonjwa ambaye kinga yake imepunguzwa au inakaribia kupunguzwa na dawa, milimita 5 zinatosha kusema ndiyo. Tumeona majibu ya milimita 7 yakiandikwa "hasi" kwa kuwa msomaji alitumia kipimo cha 10 cha watu wengine. Kosa la namna hiyo hugunduliwa mgonjwa akiwa wodini.

Kasoro zake mbili kubwa huvuta kila moja upande wake. Chanjo ya BCG huweza kuleta uvimbe kwa mtu ambaye hajawahi kuambukizwa. Prednisoloni nayo hufifisha jibu la aliyeambukizwa kweli. Iko na ya tatu, inayosahaulika: aliyeambukizwa zamani sana huweza kutoa jibu dogo mara ya kwanza, kisha kubwa sindano ikirudiwa baada ya wiki 1 hadi 3, kwa sababu ile ya kwanza iliiamsha kumbukumbu ya kinga.

Kipimo cha damu, IGRA, huzikutanisha chembe za kinga za mgonjwa na protini ESAT-6 na CFP-10. BCG haina protini hizo, hivyo chanjo haileti jibu la uongo. QuantiFERON-TB Gold Plus hutumia tyubu nne, mililita 1 kila moja. Tyubu hutikiswa mara 10 ili damu iguse kuta zote, huingizwa kwenye kiatamizi cha nyuzi 37 ndani ya saa 16, na hukaa humo saa 16 hadi 24. Nyingi ya kasoro za majibu huanzia hapa: damu kidogo, tyubu zisizotikiswa, au sampuli iliyosahauliwa mezani hadi kesho yake. Mgonjwa anamwona daktari mara moja tu, na hiyo ni nafuu kubwa kwa anayesafiri mbali.

Tyubu ya nne ina kichocheo cha kuthibitisha kwamba chembe za mgonjwa zinaweza kujibu chochote. Zikinyamaza hata hapo, maabara huandika jibu "halijabainika". Jibu lisilobainika si hasi. Maana yake ni kwamba kipimo hakikufanyika. Hutokea sana kwa wenye lupasi ambao limfositi zao (chembe nyeupe za kinga) ni chache na kwa walio kwenye prednisoloni ya dozi kubwa. Hapo ndipo T-SPOT.TB, aina nyingine ya IGRA, inapofaa zaidi: maabara hutenganisha chembe na kuzihesabu, ikaweka 250,000 katika kila kishimo, hivyo upungufu wa limfositi kwenye damu haukiharibu kipimo kwa urahisi. Ila inataka maabara yenye ujuzi na sampuli iliyofika mapema.

Kwa hiyo, aliyechanjwa BCG, au asiyeweza kurudi kusomwa jibu la ngozi, apimwe kwa damu. Mwenye lupasi na limfositi chache apate T-SPOT ikiwepo. Palipo na tuberkulini peke yake, itumike bila unyonge, mradi isomwe kwa milimita 5. Na aliye kwenye dozi kubwa ya prednisoloni, tena amewahi kuishi na mgonjwa wa TB, afanyiwe vyote viwili, na chochote kitakachosema ndiyo kichukuliwe ni ndiyo. Damu itolewe kwanza, au siku ileile ya sindano, kwa sababu tuberkulini huweza kupandisha jibu la IGRA siku chache baadaye.

Wakati bora wa kupima ni siku ugonjwa wa viungo unapotambuliwa, kabla dozi hazijapanda. Lupasi ikiwa imeshambulia figo na prednisoloni haiwezi kusubiri, toa damu kabla ya dozi ya kwanza kisha endelea na matibabu. Majibu yatakukuta njiani.

Kabla ya tiba kinga, TB hai iondolewe shaka

Hakuna kati ya vipimo hivi kinachotofautisha maambukizi fiche na ugonjwa. Kila aliye chanya aulizwe kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito, na apigwe picha ya kifua. Ukimpa isoniazidi peke yake mtu mwenye TB hai, unawachuja bakteria: dhaifu wanakufa, sugu wanabaki.

Tatizo la wagonjwa hawa ni kwamba TB na ugonjwa wao hufanana sura. Maji kwenye utando wa mapafu ya mwenye lupasi huitwa haraka "lupasi imeamka". Maumivu ya mgongo ya mwenye uti uliokakamaa huitwa "kawaida yake", kumbe pingili moja inaliwa. Kiungo kimoja kinachovimba peke yake huku vingine vyote vimetulia kinyonywe maji na yapelekwe kuoteshwa. Hadubini mara nyingi haioni kitu kwenye maji ya kiungo, hivyo kama shaka inabaki, ichukuliwe nyama ndogo ya utando wa kiungo. Kumwongezea prednisoloni kabla ya hapo ni kuilisha TB.

Tiba kinga tano, na nani inamfaa

Katika majina ya mipango, namba ni miezi, H ni isoniazidi, R ni rifampisini na P ni rifapentini.

| Mpango | Dozi ya mtu mzima | Idadi ya dozi | Kinachosumbua mgonjwa wa viungo |
|---|---|---|---|
| 6H au 9H | Isoniazidi 5 mg kwa kilo, isizidi 300 mg, kila siku | 180 au 270 | Ini, ganzi ya miguu, urefu wa muda |
| 4R | Rifampisini 10 mg kwa kilo, isizidi 600 mg, kila siku | 120 | Hushusha nguvu ya dawa nyingine |
| 3HR | Isoniazidi na rifampisini kwa dozi hizohizo, kila siku | 90 | Ini, pamoja na kushusha dawa nyingine |
| 3HP | Isoniazidi 900 mg na rifapentini 900 mg mara moja kwa wiki (kilo 50 na zaidi) | 12 | Homa na maumivu baada ya dozi |
| 1HP | Isoniazidi 300 mg na rifapentini 600 mg, kila siku | 28 | Ilijaribiwa kwa wenye VVU, si kwa wenye magonjwa ya viungo |

Kwa kumaliza dawa, mipango mifupi imeshinda. Katika jaribio kubwa lililochapishwa 2011, waliomaliza 3HP walikuwa asilimia 82.1, na waliomaliza 9H asilimia 69.0. Madhara ya ini yalikuwa asilimia 0.4 kwa 3HP dhidi ya 2.7. Lakini athari za mzio au zinazofanana nao zilikuwa asilimia 3.8 kwa 3HP na 0.5 tu kwa 9H, na tarakimu hii ndiyo inayomhusu msomaji wetu. Athari hizo huja kama mafua: homa, baridi, kizunguzungu, misuli na viungo kuuma. Mwenye baridi yabisi akipatwa nazo, yeye na daktari wake hudhani ugonjwa umelipuka, na prednisoloni inaongezwa bure. Dalili ya kutofautisha ni saa. Mlipuko wa kweli haufuati ratiba. Athari ya 3HP huanza saa chache baada ya kumeza na kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja, kisha hurudi dozi inayofuata. Mgonjwa aandike siku na saa ya kila dozi na ya kila maumivu. Akizirai au shinikizo la damu likishuka, mpango uachwe.

Isoniazidi haiendi bila vitamini B6, miligramu 25 kwa siku, hasa kwa mwenye kisukari, figo dhaifu, mjamzito, au ambaye ugonjwa wake umeshagusa mishipa ya fahamu. Pia isoniazidi yenyewe huweza kuleta lupasi ya dawa, yenye maumivu ya viungo na utando wa mapafu, ambayo huondoka dawa ikiachwa na kwa kawaida haigusi figo. Hilo si sababu ya kumnyima mwenye lupasi. Ni sababu ya kutoshtushwa na kipimo cha ANA (kingamwili zinazopimwa kwenye lupasi) kilichopanda katikati ya tiba kinga, na ya kutokirudia ovyo.

Methotreksati na leflunomaidi, vidonge vya baridi yabisi, zinagombania ini lilelile na isoniazidi. Kwa mtumiaji wa mojawapo, tunaona 4R ndiyo chaguo la kwanza kama hakuna kinachozuia rifampisini. Akilazimika kunywa isoniazidi, ALT (kimeng'enya kinachoonyesha ini likiumia) ipimwe kabla, kila wiki mbili kwa miezi miwili ya mwanzo, kisha kila mwezi. Tiba kinga isimamishwe ALT ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida pamoja na dalili, au mara 5 bila dalili. Pombe iachwe kipindi chote. Mgonjwa aambiwe kwa maneno ya wazi: ukikosa hamu ya kula, ukitapika, mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi au macho ya njano, acha dawa leo, usisubiri tarehe ya kliniki. Mkojo wa rangi ya chungwa kutokana na rifampisini au rifapentini ni jambo jingine na hauna madhara. Asipoelezwa tofauti hiyo ataacha dawa nzuri.

Rifampisini dhidi ya dawa za viungo

Hapa ndipo uchaguzi hupatikana au hupotea. Rifampisini, na rifapentini kwa kiasi, huliamsha ini liondoe dawa nyingine haraka. Nguvu hiyo hufika kileleni baada ya wiki mbili hivi, na huchukua muda karibu sawa na huo kuisha dawa ikikoma.

Prednisoloni hupungua mwilini kwa takriban theluthi mbili ikiwa pamoja na rifampisini ya kila siku, na wengi huiongeza dozi maradufu. Kosa la kwanza ni kusahau kuiongeza, viungo vikalipuka. La pili hujificha zaidi: rifampisini inaisha, dozi maradufu inaendelea, na mgonjwa anavimba uso na sukari inapanda miezi miwili baadaye.

Tofasitinibu hupungua kwa asilimia 84 hivi na upadasitinibu kwa asilimia 60 hivi. Zote mbili zisitumike na rifampisini, kwa sababu mgonjwa atakuwa anameza kidonge cha bei kubwa kisichofanya kazi. Barisitinibu hupungua kwa theluthi moja tu na inavumilika. Maikofenoleti, takrolimasi na saiklosporini, dawa za kupunguza kinga, hushuka pia, na kwa figo iliyoshambuliwa na lupasi mchezo huo ni wa hatari. Kiwango cha haidroksiklorokwini huweza kushuka, na lupasi iliyotulia ikaamka. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hushuka sana. Mwenye ugonjwa wa antifosfolipidi, ambao damu huganda ovyo, anayetegemea warfarini ana sababu ya kutosha ya kuchagua isoniazidi peke yake, huku INR (kipimo cha kuganda kwa damu) ikifuatiliwa vilevile. Vidonge vya uzazi wa mpango hushindwa kufanya kazi, na hilo lizungumzwe kwa kila mwanamke anayetumia methotreksati, leflunomaidi au maikofenoleti, kwa kuwa dawa hizo huharibu mimba.

Dawa za kibayolojia za sindano haziondolewi kwa njia hiyo, hivyo haziguswi. Kwa hiyo mwenye baridi yabisi aliye kwenye methotreksati na prednisoloni kidogo, akielekea adalimumabu (kizuia TNF), anafaa 4R au 3HP. Mwenye lupasi aliye kwenye prednisoloni, maikofenoleti na warfarini anafaa 6H au 9H, ingawa ni ndefu.

Aliyeishi na mgonjwa wa TB sugu kwa dawa nyingi haingii kwenye jedwali hili. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwake levofloksasini ya kila siku kwa miezi sita. Dawa hiyo ikikutana na prednisoloni, kano za kisigino huweza kukatika. Maumivu nyuma ya kifundo cha mguu ni sababu ya kuacha na kupiga simu siku hiyohiyo.

Dawa ya viungo ipi baada ya hapo

Si kila kizuia TNF kina hatari sawa. Rejista ya Uingereza iliyochapishwa 2010 ilikuta visa vya TB 144 kwa kila miaka-mtu 100,000 (kama watu 100,000 kwa mwaka mmoja) ya adalimumabu, 136 kwa infliksimabu na 39 kwa etanasepti. Etanasepti ni kipokezi kinachonasa zaidi TNF inayoelea kuliko ile iliyoshikamana na chembe. Tena hutoka haraka: nusu yake huondoka ndani ya siku 3 hadi 4, infliksimabu siku 8 hadi 10, adalimumabu takriban siku 14. Kwa mwenye hatari ya TB anayelazimika kupata kizuia TNF, tungeanza na etanasepti, isipokuwa kama ana ugonjwa wa Crohn (wa utumbo) au uvimbe wa ndani ya jicho unaojirudia, ambako haifanyi kazi vizuri.

Rituksimabu, abatasepti na sekukinumabu, dawa za kibayolojia zisizozuia TNF, zina hatari ndogo zaidi na ndizo za kufikiria kwa aliyewahi kuugua TB hasa. Rituksimabu inataka kipimo cha homa ya ini B kabla, hilo lisipotee kwa sababu akili zote ziko kwenye TB. Tosilizumabu, nyingine ya jamii hiyo, ina mtego wake: hushusha CRP (kipimo cha uvimbe kwenye damu) na huzima homa, hivyo TB hukua kimya. Vidonge kama tofasitinibu visidhaniwe kuwa salama kwa kuwa si sindano. Vichukuliwe kama vizuia TNF, ingawa vina nafuu ya kutoka mwilini ndani ya siku moja.

Tiba kinga ianze angalau mwezi mmoja kabla ya dawa ya kibayolojia. Mwezi huo huvushwa kwa sulfasalazini, haidroksiklorokwini au sindano ya ndani ya kiungo, badala ya kupandisha prednisoloni. Aliyekutwa na TB hai kwa kawaida amalize matibabu kwanza.

TB ikijitokeza mgonjwa akiwa tayari kwenye kizuia TNF, sindano isimamishwe na matibabu kamili yaanze. Prednisoloni isikatwe ghafla, kwani tezi za adrenali za mtumiaji wa muda mrefu zimelala. Katika dawa za TB, pirazinamidi hupandisha asidi ya yuriki na huumiza viungo, na ethambutoli hugusa jicho kama haidroksiklorokwini, kwa hiyo macho yapimwe mwanzoni. Wiki chache baadaye tezi au homa huweza kurudi huku bakteria wakipungua, kwa sababu kinga iliyofungwa imefunguliwa. Hakikisha kwanza dawa zinamezwa na si sugu, kabla ya kusema matibabu yameshindwa.

Aliyemaliza tiba kinga asirudiwe kipimo. Kitabaki chanya miaka mingi na hakipimi kupona. Aulizwe dalili kila anapohudhuria. Chanjo ya BCG asipewe, ni hai. Na kadi yake iandikwe mambo manne: aina ya kipimo na tarakimu yake, miligramu za prednisoloni siku alipopimwa, jina la tiba kinga na tarehe iliyoanza, na tarehe rifampisini inapoisha, pamoja na dozi ya prednisoloni anayopaswa kurudi wiki mbili baada ya hapo.